Taa ya Gari Imeingia Maji: Tafuta Njia ya Maji Kabla ya Kukausha

Masika yakikolea Mwanza, kati ya Machi na Mei, na tena vuli inapoanza Oktoba, mafundi umeme wa magari kuanzia Igoma hadi Nyegezi husikia ombi lilelile: "Fundi, taa imeingia maji, nikaushie." Kukausha hakuhitaji fundi. Mchana mmoja wa jua kali unatosha, na mwenye gari anaweza kuifanya kazi hiyo uani kwake. Kazi yenyewe ni kujua maji yamepita wapi. Taa iliyokaushwa huku njia ya maji ikiachwa wazi italowa tena mvua ijayo, na kila inapolowa rifrekta, yaani sehemu ya ndani inayorudisha mwanga mbele, hupoteza sehemu ya mng'ao wake ambayo hairudi. Wengine huamua kununua taa nyingine ya mtumba kutoka Japani kwa bei inayouma, wanahamishia humo vizibo vilevile vya zamani vilivyochakaa, na baada ya wiki chache taa mpya nayo ina ukungu ndani. Pesa imekwenda, tatizo limebaki.

Taa inavyopumua

Taa za mbele za magari mengi tunayoendesha huku, IST, Noah, Probox, Premio, Harrier, X-Trail, Forester, hazikuzibwa kabisa. Kioo cha mbele ni plastiki ngumu ya polikaboneti, imebanwa kwenye bodi ya taa kwa gundi nyeusi ya butili. Nyuma kuna matundu ya kuingizia balbu yenye vizibo vya mpira. Halafu kuna vipumulio: virija vya mpira vilivyopinda, au viraka vyembamba vya utando unaopitisha hewa na mvuke lakini unazuia matone ya maji.

Vipumulio hivyo vimewekwa kwa sababu. Balbu ya H4, yenye wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu, ikiwaka, hewa ya ndani inapata moto, inatanuka na kutoka. Ukizima, hewa inapoa na kusinyaa, na taa inavuta hewa ya nje. Pasipo kipumulio, msukumo huo wa kila siku ungeifungua gundi polepole. Sasa chukua mtu anayezima gari saa mbili usiku Kirumba au Capri Point, hatua chache kutoka ziwani, mvua imenyesha jioni nzima. Hewa inayovutwa ndani ya taa yake imeshiba mvuke. Alfajiri kioo kinapoa, mvuke unakikuta kina baridi na kugeuka matone madogo upande wa ndani. Hapo taa haina ubovu wowote. Kwa hiyo soma dalili kwanza, ndipo ushike bisibisi.

Ukungu mwembamba asubuhi, taa zote mbili

Washa injini, washa dimu, subiri kati ya dakika 20 na 30. Ukungu wa kawaida huanza kufutika katikati, mbele ya balbu penye joto, halafu unarudi nyuma kuelekea pembeni mpaka unakwisha. Ukiona hivyo, na taa zote mbili zinafanana, ziache. Usifungue kitu. Taa nyingi nzuri zimeharibiwa na watu waliotaka kutibu ukungu wa asubuhi moja.

Ikiwa umebadilisha balbu za kawaida ukaweka za LED, ukungu huo utachukua muda mrefu zaidi kuondoka, kwa sababu LED hutupa joto lake nyuma kwenye feni au kwenye mapezi ya kupoozea, na mbele kwenye kioo hakufiki joto la kutosha. Hili nalo si uvujaji.

Ukungu wa upande mmoja, au unaokaa mchana kutwa

Hapa kuna jambo. Taa mbili za gari moja zinaishi kwenye hewa moja. Moja ikiwa kavu na nyingine imelowa, tofauti iko kwenye taa yenyewe.

Anzia nyuma. Fungua boneti, ingiza mkono, papasa kizibo cha kila balbu. Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo cha kwanza cha taa kulowa katika mji huu, kabla ya ufa na kabla ya gundi, na ndicho kinachoachwa bila kukaguliwa kwa sababu hakionekani ukiwa umesimama mbele ya gari. Aliyebadilisha balbu gizani alikirudisha nusu. Au balbu za LED zilikuwa na kitako kirefu, kizibo kikagoma kufunga, kikatupwa. Au mpira umekakamaa kwa joto la injini, ukiubonyeza haubonyei, na ukingo wake umepasuka. Kizibo cha mpira wa H4 kinapaswa kukaa kimebana pande zote, na kile kidude chake cha kushikia kikiwa upande ulioandikwa TOP, yaani juu. Kikigeuzwa, mkondo wa maji yanayoteremka kutoka kwenye boneti unapata mahali pa kuingilia.

Kizibo kikikosekana, usiivishe taa mfuko wa plastiki na mpira wa manati. Utazuia maji, lakini utazuia pia joto kutoka, na plastiki laini karibu na balbu ya wati 55 huyeyuka. Nenda na kizibo cha upande wa pili kwa wauza spea, linganisha kipenyo, nunua. Ni kitu cha bei ndogo kuliko balbu nyingi.

Vizibo vikiwa vizima, hamia kwenye vipumulio. Chomoa kirija kimoja kimoja, kiangalie kwenye mwanga. Barabara zetu za vumbi, tope linalorushwa na tairi, utando wa buibui, vibanda vya udongo vya nyigu, makundi ya vijidudu vya ziwani vinavyoigonga gari usiku: vyote huishia humo. Kirija kilichoziba kinafanya mvuke ulioingia ukose pa kutokea, ndiyo maana ukungu unakaa mchana kutwa. Kioshe kwa maji ya sabuni, kikaushe, kirudishe mdomo wake ukitazama chini. Kiraka cha utando usikichokoe kwa waya wala kukipuliza na kompresa. Kipanguse taratibu kwa brashi laini. Na ukikuta mtu alikwisha kupaka silikoni juu ya kipumulio akidhani ameziba tundu la maji, umepata ugonjwa wako hapohapo. Kwangua yote.

Matone makubwa, au maji yametuama chini ya taa

Huu si mvuke tena, ni uvujaji. Kabla ya kufungua bampa, jiulize gari limepitia nini karibuni. Liligongwa kona hata kidogo? Taa iliwahi kufunguliwa ili ing'arishwe au ipakwe rangi nyeusi ndani? Lilioshwa kwa mashine ya presha? Mkuki wa maji wa mashine hiyo ukielekezwa kwenye mshono wa taa kwa karibu unaweza kupenya mahali ambapo mvua ya kawaida isingepenya kamwe. Mwambie kijana anayekuoshea asogee nyuma kidogo anapofika kwenye taa. Na wale wanaoteremsha magari hadi ukingoni mwa ziwa kuyaosha, pamoja na kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni, wanalipa mara mbili, maana bampa na foglaiti, yaani taa za ukungu za chini, zinazama majini zikiwa bado na joto.

Ili kuona tundu, toa taa kwenye gari. Ondoa balbu, ziba matundu yote kwa vizibo vizima, acha kipumulio kimoja tu. Paka povu la sabuni kwenye mshono wote wa gundi na kwenye kila mkwaruzo wa kioo, kisha puliza kwa mdomo, taratibu, kupitia kipumulio kilichobaki. Povu litatumbuka palipo na tundu, kama fundi pancha anavyoona kwenye tyubu. Usitumie kompresa, presha yake itafungua gundi iliyokuwa nzima. Weka alama kwa kalamu kila povu linapotumbuka, na usiishie kwenye la kwanza, kwa sababu gundi iliyozeeka mara nyingi huachia zaidi ya sehemu moja. Kagua pia masikio ya plastiki yanayoshika taa kwenye bodi. Sikio lililovunjika katika ajali ndogo huifanya taa icheze, na taa inayocheza huchana mshono wake yenyewe kwenye kila tuta.

Rifrekta imefubaa, au kioo kimekuwa cha manjano

Rifrekta ni plastiki iliyopakwa safu nyembamba mno ya aluminiamu. Maji yakikaa humo, safu hiyo inakuwa na madoa, kisha inabanduka. Haipanguswi kwa kitambaa, haiguswi kwa kidole, ukiisugua unaiondoa. Ikishafubaa karibu na balbu, hapo kweli nunua taa nyingine, kwa kuwa hakuna balbu itakayorudisha mwanga uliopotea.

Manjano ya nje ni jambo jingine. Hayo ni ya jua kuchoma polikaboneti baada ya ngozi yake ya kiwandani kuisha. Husuguliwa kwa msasa wa maji, kutoka 800 kwenda 2000 na kupanda, kisha polishi, kisha lazima ipakwe varnishi inayozuia miale ya jua. Dawa ya meno inang'arisha kweli, ila bila varnishi manjano hurudi baada ya muda mfupi.

Kukausha, sasa

Njia ya maji ikishajulikana, zima taa, ziache zipoe, toa terminali hasi ya betri. Kwenye magari yenye taa za zenoni, kama Harrier na Crown nyingi, kuwa mwangalifu zaidi: kifaa chake cha kuwashia hutoa zaidi ya volti 20,000 wakati wa kuanza. Usishike soketi yake gari likiwa na umeme.

Toa taa, toa balbu, inamisha taa maji yatoke kwenye tundu kubwa. Iweke juani, matundu yakitazama juu, mahali pasipo vumbi, na ifunike kwa kitambaa chepesi ili wadudu wasiingie. Mashine ya kukaushia nywele, ya saluni, inasaidia kama ni siku ya mawingu. Iweke kwenye joto dogo na umbali wa mkono. Usiweke taa karibu na jiko la mkaa. Bodi yake itapinda, na taa iliyopinda haitaziba tena hata uipake gundi ya debe zima.

Vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinaweza kusaidia kumalizia unyevu uliobaki. Ukisahau kimoja ndani kitagusa balbu na kuungua, kwa hiyo kifunge kwa uzi na utoe uzi nje. Si dawa ya uvujaji.

Kuziba ufa na mshono

Dukani utaona silikoni za aina mbili. Ile inayonuka siki inapokauka hutoa mvuke wa asidi, na mvuke huo ndani ya taa iliyofungwa hushambulia safu ya aluminiamu na kuacha ukungu mweupe kwenye kioo. Hiyo ni ya bafuni. Chukua silikoni isiyo na harufu ya siki, au ile gundi nyeusi ya polyurethani wanayotumia mafundi wa vioo vya magari kubandikia kioo cha mbele. Ngoja taa ikauke kabisa, safisha mshono kwa spiriti, kwaruza kidogo kwa msasa, paka mkanda mwembamba unaoendelea, acha usiku mzima kabla ya kuifunga. Vipumulio usiviguse.

Kufungua taa nzima na kuipaka butili mpya ni kazi ya mtu mwenye bunduki ya hewa ya moto na subira. Butili hulainika kwa joto, na ukivuta mapema unavunja kioo. Kwa ufa mdogo wa mshono sikushauri ufike huko. Kwa ufa wa katikati ya kioo pia sikushauri; gundi pale hupotosha mwanga na kumpofusha anayekuja mbele yako.

Kuhusu kutoboa tundu chini ya taa ili maji yatoke: najua inafanywa, na najua maji yanatoka kweli siku hiyo. Lakini tundu linalotoa maji linaingiza vumbi, linaingiza vijidudu, na gari likipita kwenye dimbwi tairi inarusha maji kupitia tundu hilohilo. Barabara ya kwenda Musoma kupitia Magu na Lamadi wakati wa mvua itakujazia taa tope. Atakayekutobolea hajakutengenezea, ameacha njia ya kwanza ya maji na kukuongezea ya pili.

Taa za ukungu

Ukungu mzito si wa kila siku Mwanza. Foglaiti zetu hufanya kazi zaidi kwenye mvua za usiku na alfajiri zinazotoka ziwani, na kwenye vumbi la lori lililo mbele. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, magari yanayotoka Usagara kwenda Sengerema na Geita hayasubiri tena kivuko, na usiku wa mvua mtu anapita moja kwa moja kwenye giza lenye baiskeli, ng'ombe na watembea kwa miguu. Mwanga wa chini, mpana, unaoonyesha ukingo wa lami, ndio unaomwokoa mtu hapo. Rangi ya manjano au nyeupe si hoja kubwa. Kinachofanya kazi ni taa kukaa chini na mwanga wake kukatwa juu, usirudi machoni.

Kwa kuwa zinakaa chini, ndizo zinazopigwa na maji na mawe kwanza. Nyingi zina kioo halisi. Kioo kilichopata moto kikikutana ghafla na dimbwi la maji baridi hupasuka, na ufa wake unaweza kuwa mwembamba usiouona mpaka ukipitishe kucha.

Zote mbili haziwaki? Usianze na balbu, ni nadra zote kufa siku moja. Kwenye magari mengi foglaiti hazipati umeme mpaka taa ndogo au dimu ziwe zimewashwa, hivyo washa hizo kwanza. Kisha fyuzi. Kisha rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme: mara nyingi ya honi ni ya namba ileile, basi zibadilishane kwa muda, foglaiti zikiwaka na honi ikinyamaza, umempata mgonjwa. Baada ya hapo ndipo swichi na nyaya.

Moja haiwaki? Hamisha balbu kutoka upande mzima. Ikiwaka, balbu ya zamani ndiyo iliyokufa. Isipowaka, tatizo liko kwenye soketi au ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Vuta soketi uitazame ndani: kutu ya kijani kwenye pini ni alama ya maji, na kwenye foglaiti ndiyo ninayoikuta kuliko kitu kingine. Isafishe kwa dawa ya kusafishia pini na brashi ndogo, na mpira wa kuzibia soketi ukiwa umeliwa, badilisha soketi nzima.

Moja inawaka hafifu? Weka multimita, yaani kipimo cha umeme, kwenye volti, taa ikiwa imewaka, waya mmoja kwenye pini ya ethi ya soketi na mwingine kwenye hasi ya betri. Isome chini ya volti 0.2 hivi. Ikisoma volti moja nzima au zaidi, ethi yako imeoza. Kwenye Toyota nyingi huo ni waya mweupe wenye mstari mweusi. Ufuate mpaka ulipofungwa kwenye bodi, kwangua kutu, funga upya, paka grisi. Watu hudharau tofauti ndogo ya volti, lakini balbu ya kawaida ikipungukiwa umeme kwa asilimia 10, mwanga wake unashuka kwa karibu asilimia 30.

Fyuzi inaungua kila mara? Balbu mbili za wati 55 zinakula kama ampea 9, hivyo fyuzi ya 15 inazitosha. Ikiungua, kuna waya uliochubuka kwenye bampa au soketi imejaa maji. Usiweke fyuzi ya 30, wala waya wa kufungia mishikaki. Hapo unahamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya, na waya huo unapita kando ya injini.

Balbu mpya inakufa haraka? Angalia kama tone la maji linaifikia, kama taa inacheza, na kama betri inasoma zaidi ya volti 14.8 injini ikiwa inanguruma. Na uliza ilishikwaje. Mafuta ya vidole kwenye glasi ya balbu ya halojeni hufanya sehemu hiyo ipate joto kupita kiasi. Ishike kwa kitako, au kwa kitambaa safi. Ukiigusa, ipanguse kwa spiriti.

Kubadilisha foglaiti

Kabla ya kununua, soma namba iliyoandikwa kwenye kitako cha balbu au nyuma ya taa. Toyota nyingi za miaka ya karibuni zinatumia H16 ya wati 19, wakati H11 ni ya wati 55. Vitako vinafanana, na kuna wanaokata vijino vya plastiki ili ya 55 iingie. Inaingia, lakini joto lake ni karibu mara tatu ya lile taa iliyoundiwa. Soketi inalainika, mpira unakakamaa, na maji yanapata njia. Taa nyingi zinazoingia maji "bila sababu" zilianzia hapo.

Kwa magari mengi huhitaji kushusha bampa. Kata usukani upande wa pili ili tairi ifungue nafasi, toa vishikizi vichache vya plastiki ya ndani ya fenda, ikunje, utaiona nyuma ya foglaiti. Ukilazimika kunyanyua gari kwa jeki, na mitaa yetu ina miteremko, weka mawe kwenye magurudumu na usitegemee jeki peke yake. Bonyeza kufuli ya soketi, vuta. Balbu huzungushwa robo ya mzunguko kinyume cha saa na kutoka. Kama unabadilisha taa nzima, fungua skrubu zake, mara nyingi ni za bisibisi ya nyota au spana namba 10, na uikague mpya kabla ya kuifunga: mpira wa kitako upo, kipumulio kipo na kinatazama chini, kioo hakina ufa. Taa ya mtumba ifanyie jaribio la povu hapohapo dukani. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Paka grisi nyepesi ya umeme kwenye mpira wa soketi, sukuma mpaka usikie kufuli ikilia, na funga waya wake mbali na ukingo wa bampa.

Mwisho ni kulenga mwanga. Tafuta sehemu tambarare yenye ukuta, na kwa milima yetu huenda ukalazimika kuomba nafasi kituo cha mafuta. Jaza tairi upepo wa kawaida, simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, weka alama ya urefu wa katikati ya foglaiti. Ukingo wa juu wa mwanga ushuke kama sentimita 8 hadi 10 chini ya alama hiyo. Skrubu ya kulengea iko pembeni au chini ya taa. Zikishakaa sawa, ziwashe dakika 10, zizime zipoe, kisha zimwagie maji kwa bomba la kawaida kutoka kila upande kwa dakika chache. Kagua kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha gari, wakati kioo bado kina baridi: tone lolote lililobaki ndani litaonekana hapo.